Kondomu kwenye penzi jipya: kuanzia dukani hadi siku ya kuiacha

Maswali haya hayaishi. "Imepasuka, nifanye nini?" "Inavaliwa wakati gani hasa?" "Tuna mwezi mzima pamoja, bado tu?" Mwongozo huu ni wa watu wazima, miaka 18 na kuendelea, walio mwanzoni mwa uhusiano. Unawahusu wote wawili, anayeivaa na asiyeivaa, kwa sababu ikiharibika mnaharibikiwa wote.

Kama utashika jambo moja tu, shika hili: kondomu nyingi zinazowaangusha watu ni nzima kabisa. Kinachoharibu ni muda. Imevaliwa kwa kuchelewa, imevuliwa mapema, au imeachwa wiki ya tatu kwa kuwa mmeshazoeana. Kati ya wanawake 100 wanaotegemea kondomu ya kiume kwa mwaka mzima, wapatao 2 hushika mimba ikiwa inatumiwa sawasawa kila mara. Kwa namna watu wanavyoitumia kweli, leo ndiyo kesho hapana, idadi hiyo hufika 13. Hatua zilizo hapa chini ni za kuziba pengo hilo.

Vitu vya kuandaa

- Kondomu 3 au zaidi. Moja inaweza kuanguka chini, ya pili ikavaliwa kinyume, na bado mkahitaji ya raundi ya pili.
- Kilainishi cha maji (K-Y Jelly na jamii yake) au cha silikoni. Soma lebo.
- Tishu au kitambaa, na mahali pa kutupia palipo karibu na kitanda.
- Mwanga kidogo. Kuvaa gizani ndiko kunakozaa kondomu zilizogeuzwa.
- Kucha zilizokatwa.

Kondomu za bure zinapatikana kwenye vituo vya afya vya serikali. Za kununua, kama Salama na Dume kwa Tanzania au Trust kwa Kenya, zipo kwenye maduka ya dawa, supamaketi na hata duka la mtaani. Za bure nazo hupimwa kabla ya kusambazwa, kwa hiyo usizidharau. Kiwango cha kimataifa kinataka kondomu ya upana wa kawaida ihimili angalau lita 18 za hewa kabla ya kupasuka. Jaza ndoo ya lita 20 karibu na ukingo, utaona hicho ni kiasi gani. Anayesema yeye ni mkubwa mno, hakuna inayomtosha, anatafuta namna ya kwenda peku.

Hata hivyo, saizi ni jambo la kweli. Uume ukiwa umesimama, zungusha uzi sehemu ya katikati, kisha pima uzi huo kwa rula. Mzingo wa sentimita 11 hadi 12 unakaa vizuri kwenye kondomu ya kawaida, ambayo pakiti yake imeandikwa milimita 52 au 53. (Upana huo ni wa kondomu ikiwa imelazwa bapa, ndiyo maana ni karibu nusu ya mzingo.) Chini ya sentimita 11, tafuta ya milimita 49. Ukizidi 12 na nusu, tafuta ya 56 au zaidi. Inayobana sana hupasuka na kumfanya mvaaji aichukie. Inayolegea hubaki ndani.

Angalia pia inakouzwa na unakoiweka. Joto huuchosha mpira. Kondomu zipaswa kukaa pasipo na jua, kwenye joto lisilozidi nyuzi 30 kwa wastani, kwa hiyo usinunue zile zinazoning'inia kwenye kibanda jua likizipiga mchana kutwa. Usiziweke kwenye dashibodi ya gari wala chini ya kiti cha bodaboda. Waleti ya mfuko wa nyuma ni mbaya zaidi, maana huko inakaliwa, inakunjwa na kusuguliwa kila siku. Kwa usiku mmoja, mfuko wa shati au mkoba vinatosha. Za akiba zikae kabatini.

Mazungumzo, kabla ya chumba

Usisubiri mpaka taa imezimwa. Mtu aliyekwisha pandwa na hamu hajadiliani, anabembeleza. Lisemeni mchana, kwa simu au mkiwa mnakula, kwa sentensi fupi isiyoomba radhi:

"Mimi bila kondomu siwezi. Ninazo, au unapendelea aina yako?"

Majibu utakayokutana nayo yanajulikana. Akikuambia "Ina maana huniamini?", mjibu: "Kukuamini nakuamini. Ila virusi havionekani kwa macho, na mimi na wewe hatujapima pamoja." Akikuletea ile ya huwezi kula pipi na ganda lake, usianze ubishi wa pipi. Mwambie: "Basi leo tusile." Kisha nyamaza. Mwenye nia na wewe atatafuta kondomu. Asiye na nia utamjua mapema, na hilo nalo lina faida.

Dada, kuwa na kondomu kwenye mkoba hakukufanyi kuwa malaya. Kaka, yeye kuwa nazo hakuna maana kwamba jana alikuwa na mwingine. Maneno haya mawili yanawafanya watu wengi wakae bila kinga, kila mmoja akimsubiri mwenzake aitoe.

Na kubalianeni kabisa: mmoja akisema tusimame, mnasimama. Kuivua kimyakimya katikati ya tendo bila mwenzako kujua ni kumfanyia jambo ambalo hakulikubali.

Hatua za kondomu ya kiume

Kama hujawahi kuivaa, fanya mazoezi peke yako mara mbili au tatu kabla ya siku yenyewe. Vidole vinapoizoea, kuivaa hakuchukui hata nusu dakika, na wasiwasi unaowafanya wengi "walale" wakati wa kuvaa hupungua sana.

1. Soma tarehe. Tafuta EXP kwenye paketi ndogo yenyewe, maana boksi la nje linaweza kuwa limebadilishwa. Ikiwa imepita, tupa. Ikiwa imefutika husomi kitu, tupa pia.

2. Bonyeza paketi kwa kidole gumba. Unapaswa kuhisi hewa ndani, ikikwepa huku na kule. Kama ni bapa haina hewa, ina tundu, au inavuja kilainishi chake pembeni, hiyo imekwisha kauka au inaelekea huko.

3. Sukuma kondomu upande mmoja wa paketi, kisha chana upande wa pili kwa vidole, kuanzia kwenye ukingo wenye meno. Usitumie meno yako, mkasi wala kisu. Vidole vikiteleza kwa kilainishi, vifute kwanza.

4. Subiri uume usimame sawasawa, kisha vaa kabla haujagusa uke, mkundu au mdomo. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Ile tabia ya kuanza kavu kidogo halafu kuvaa "ikikaribia" haina kinga. Majimaji yanayotangulia yanaweza kubeba VVU, na magonjwa kama kisonono, kaswende na malengelenge hayasubiri mtu amwage.

5. Angalia upande. Shika chuchu ya kondomu (ile ncha) kwa vidole viwili. Ukingo uliosokotwa unatakiwa uwe upande wa nje, ukitazama juu, ili kondomu ishuke kwa kusukumwa kidogo tu. Ikigoma kushuka, umeiweka kinyume. Usiigeuze ukaivaa tena, kwa sababu upande uliokwisha gusa uume sasa ndio utakaoingia kwa mwenzako. Itupe, chukua nyingine. Ndiyo sababu tulisema 3.

6. Weka tone moja la kilainishi ndani ya chuchu, ukipenda. Huongeza hisia kichwani mwa uume. Tone moja tu. Ukijaza, itateleza na kutoka.

7. Minya chuchu utoe hewa, na uendelee kuiminya huku ukikunjua kondomu kwa mkono wa pili hadi kwenye shina la uume. Asiyetahiriwa avute govi nyuma kwanza. Kukunjua nusu na kuacha ni kukaribisha ivuke. Mwenzako anaweza kuifanya kazi hii, na kwa wengi mkono wa mwenzake hufanya uume usilale.

8. Paka kilainishi kwa nje. Kwa tendo la mkunduni ni lazima, tena kingi, kwa kuwa huko hakuna ute wa asili. Kwa ukeni, hata mwanamke aliye tayari hukauka mkichukua muda, hasa siku za mwanzo ambapo kuna woga. Mate hukauka haraka, usiyategemee.

9. Katikati, papasa ukingo wa kondomu kwa kidole kila baada ya muda. Kama umepanda juu, simama na uushushe. Mkihisi utofauti wa ghafla, joto au ulaini ambao haukuwepo, toeni mwangalie. Mkifikisha nusu saa hivi, badilisheni. Mkihama kutoka mkunduni kwenda ukeni, badilisheni bila mjadala.

10. Akishamwaga, atoke uume ukiwa bado umesimama, ameshika ukingo kwenye shina. Kulala na kupitiwa na usingizi ndani ni starehe inayoishia kwa kondomu kubaki ukeni na shahawa kumwagika. Geukia pembeni, mbali na mwili wa mwenzako, ndipo uivue.

11. Iangalie kabla ya kuitupa. Inyanyue kwenye mwanga, bana juu na uiminye kidogo. Mpira mzima unatuna bila kudondosha kitu. Hapo utajua sasa hivi kama ilichanika, wakati saa 72 za msaada (tazama "Mambo yakienda kombo" hapa chini) bado ziko mbele yako.

12. Funga fundo, viringisha kwenye tishu, tupa kwenye pipa au choo cha shimo. Usiivute kwenye choo cha maji, utaziba bomba. Nawa mikono na uume kabla ya kuanza tena, na raundi ya pili ina kondomu yake.

Makosa yanayojirudia

Kuvaa mbili kwa pamoja. Zinasuguana, na msuguano ndio unaozichana. Vivyo hivyo kuchanganya ya kike na ya kiume.

Mafuta. Kondomu nyingi ni za mpira wa asili, na mpira huu hauna urafiki na mafuta: Vaseline, mafuta ya nazi, losheni, mafuta ya mtoto, mafuta ya kupikia. Yanaulegeza ndani ya dakika chache, bila kuona dalili yoyote kwa macho. Angalia pia losheni uliyojipaka mikononi baada ya kuoga.

Kondomu au kilainishi chenye dawa ya kuua mbegu, nonoksinoli-9. Inakwaruza ngozi laini ya ndani na kurahisisha maambukizi. Ukiiona kwenye lebo, rudisha rafuni.

Zenye ladha ya stroberi au chokoleti ni za mdomo. Ukeni zinaweza kuleta muwasho na fangasi.

Kuipuliza kwanza "kuijaribu". Kiwandani ilishapimwa kwa umeme kama ina tundu. Wewe unaichosha tu.

Ya kike, kwa ufupi

Inapatikana kwa shida kidogo kuliko ya kiume (Tanzania utaikuta kwa jina la Lady Pepeta), lakini inampa mwanamke uamuzi wa mapema: inaweza kuingizwa hadi saa 8 kabla ya tendo. Chuchumaa au panda mguu mmoja kwenye kiti. Bana pete ya ndani iwe nyembamba, iingize, kisha isukume kwa kidole mpaka ipite nyuma ya mfupa wa kinena. Pete ya nje inabaki nje, imefunika midomo ya uke. Wakati wa kuanza, shika pete ya nje na uuongoze uume kwa mkono, la sivyo utapita pembeni kati ya kondomu na ukuta wa uke, na mtadhani mna kinga. Mkimaliza, sokota pete ya nje mara moja au mbili kabla ya kusimama, ivute taratibu. Nyingi za sasa ni za nitrili (mpira wa kutengenezwa) na si mpira wa asili, kwa hiyo zinamfaa mwenye mzio.

Mambo yakienda kombo

*Imepasuka au imevuka na shahawa zimeingia.* Simameni. Mwanamke asijioshe ndani kwa sabuni, maji ya chumvi, limao wala soda. Hakuna kinachotoka, na ukuta wa uke unachubuka. Kuosha nje kwa maji kunatosha. Kisha kuna mambo mawili ambayo muda wake unaanza kuhesabika, na si vyema kungoja ukaribie mwisho:

- *Mimba:* kidonge cha dharura, ambacho wengi wanakiita P2 (levonojestreli miligramu 1.5 kwa mara moja. Vikiwa viwili vya 0.75, meza vyote pamoja). Mapema ndiyo bora, ndani ya saa 72. Baada ya hapo hadi saa 120 nguvu yake inashuka. Ukitapika ndani ya saa 2, rudia dozi. Mwambie mfamasia kama unatumia dawa za kifua kikuu, kifafa au ARV (dawa za kufubaza VVU), maana baadhi yake huidhoofisha. Kitanzi cha shaba kilichowekwa ndani ya siku 5 kinazuia vizuri kuliko vidonge vyote. Usipopata hedhi ndani ya wiki 3, pima.
- *VVU:* PEP, dawa za kinga za siku 28, zinazoanzwa ndani ya saa 72, na ndani ya saa chache zikipatikana. Nenda hospitali au kituo chenye huduma za VVU na useme wazi, "Kondomu imepasuka, nahitaji PEP." Utapimwa kwanza. Hii inawahusu wote wawili, si mwanamke peke yake.

*Imebaki ndani.* Haiwezi kupotelea tumboni. Mlango wa kizazi hauna nafasi ya kuipitisha. Nawa mikono, chuchumaa, sukuma kama unaenda haja, uivute kwa vidole viwili. Ikigoma, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kisha fuata hatua za kupasuka.

*Inapasuka mara kwa mara.* Fuatilia kwa mpangilio huu: hewa kwenye chuchu, ukavu, mafuta, saizi ndogo, mahali unapozihifadhi. Mara nyingi jibu liko kwenye viwili vya kwanza.

*Inavuka mara kwa mara.* Ni kubwa, haikukunjuliwa yote, umejaza kilainishi ndani, au unachelewa kutoka.

*Uume unalala wakati wa kuvaa.* Hutokea hasa kwa mtu mpya. Weka paketi zimeshatolewa kwenye boksi, karibu na mto, ili usitafute. Ukilala kabisa, vua, rudini kwenye kushikana na kubusiana, kisha mvae mpya. Usijaribu kuivaa kwenye uume uliolegea.

*Muwasho, wekundu au uvimbe baada ya tendo.* Badilisha aina kwanza, na acha zenye ladha na manukato. Ukiendelea, huenda ni mzio wa mpira. Tumia za nitrili au poliyurethani. Ukiona midomo ya kinywa imevimba au pumzi inabana, hiyo ni hospitali mara moja. Na kama kuna usaha, kidonda au maumivu ya kukojoa, hilo si suala la kondomu, nenda upimwe.

Lini mnaweza kuiacha

Hapa ndipo mapenzi mapya yanapoanguka. Mmoja anaonyesha karatasi ya kipimo cha mwezi wa tano, mwingine anasema "mimi niko sawa", na kondomu inakufa hapo. Vipimo vya haraka vya VVU vinatafuta kingamwili, ambazo huweza kuchukua hadi miezi 3 kujitokeza. Aliyeambukizwa wiki mbili zilizopita anaweza kupata jibu safi kabisa.

Pimeni pamoja sasa: VVU, kaswende, homa ya ini aina B, na kisonono na klamidia kama maabara inavipima. Endeleeni na kondomu kila mara kwa miezi 3, bila mwingine pembeni, halafu pimeni tena. Kipimo cha kujipima VVU kinasaidia kuanza mazungumzo, lakini kikionyesha maambukizi lazima kithibitishwe kituoni. Asiye na kinga ya homa ya ini B aombe chanjo, dozi 3 ndani ya miezi 6. Na mjue kuwa hata kondomu nzuri haifuniki ngozi yote, kwa hiyo malengelenge na virusi vya HPV inavipunguza tu.

Mwenzako akikuambia anatumia ARV, usikimbie. Mtu ambaye virusi vyake vimefubazwa hadi kipimo hakivioni, na anayeendelea kumeza dawa zake, hamwambukizi mwenzake VVU kwa ngono. Nendeni pamoja kliniki mwone majibu ya wingi wa virusi, na wewe uulizie PrEP, dawa za kujikinga na VVU kabla ya kukutana navyo.

Mkikubaliana kuacha, uzazi wa mpango uwe umeanza kabla. Sindano, kipandikizi au vidonge vyenye homoni mbili vikianzwa baada ya siku 5 za mwanzo wa hedhi huhitaji siku 7 ndipo vilinde, na siku hizo 7 kondomu bado inavaliwa.